Trauti wa Baba Fahad

Mwanaisha alifariki mwezi uliopita, huko kwao Kwale. Habari nilipewa na binti yake kwa simu nikiwa uani napeta maharagwe. "Shangazi Wairimu, mama ametutoka," akasema, na mimi badala ya kutoa pole nikajikuta nauliza, "Sikio lake lilikuwa bado linamsumbua?" Binti akasema ndiyo, mpaka mwisho, ukimsemesha ilibidi akugeuzie shavu la kushoto. Nikaweka ungo chini. Nina miaka arobaini na minane na nimezika watu wengi, wengine wa damu yangu kabisa, na sikuwahi kukaa chini kuandika habari za yeyote kati yao. Lakini na Mwanaisha niliishi chumba kimoja mwaka mzima kasoro miezi michache, Riyadh, nikiwa na miaka ishirini na sita, na ndani ya mwaka huo kuna siku nne ambazo sijamsimulia mtu isipokuwa yeye. Sasa hayupo, na mimi sitaki siku hizo zikae kwangu peke yangu.

Nyumba ile ilikuwa na majiko mawili. La ndani lilikuwa la kuonyesha wageni, na la nje, lililojengwa upande wa pili wa ua, ndilo lililopikiwa kila kitu chenye harufu. Chumba chetu kiliegemea jiko la nje. Hakikuwa na dirisha, kilikuwa na magodoro mawili na feni, na ukutani ulisikia mashine ya kufulia ikigonga kama mtu anayetaka kutolewa. Chakula chetu kilikuwa wali uliobaki kwenye sinia baada ya wageni kunawa mikono. Mwanaisha aliuchanganya na pilipili alizozianika mwenyewe juu ya paa, akaukanda kwa vidole, akagawa sawa kwa sawa. Alikuwa amenitangulia mwaka mmoja. Siku yangu ya kwanza alinionyesha vitu vitatu: sabuni iko wapi, choo chetu ni kipi, na wakati wa kupigwa usijikinge uso kwa mkono, maana mkono huvunjika na uso hupona.

Nilidhani ananitisha. Wiki ile ile madam alinipiga kwa ndara kwa sababu ya kola ya shati, na wiki iliyofuata bosi, tuliyemwita Baba Fahad, akanipiga mgongoni kwa rungu. Lilikuwa rungu dogo, lisilofika urefu wa mkono kutoka kiwiko, la mti mweusi, na kichwani lilitiwa risasi ndani ili liwe zito. Wavuvi wa ndoano wa huko Amerika hulitumia kumpiga samaki kichwani akishatolewa majini, afe mara moja asiteseke. Baba Fahad alilinunua alipokuwa mwanafunzi huko. Lilining'inia kwenye msumari jikoni, kando ya visu, na kila alipoingia akitafuta kosa tulitazama kwanza mkono wake, kama umeelekea kwenye msumari au la.

Kila mwaka alirudi Amerika kuvua, na alirudi na sanduku la barafu lililojaa samaki waliogandishwa. Mara ya kwanza kuniagiza nimsafishe mmoja, alisimama mlangoni kunitazama, naona alitaka sababu ya kunipiga. Mimi nilikulia karibu na mto unaoshuka kutoka Mlima Kenya, na samaki huyo nilimjua kabla sijajua kusoma. Nikampasua kutoka tundu la haja mpaka chini ya matamvua, nikamtoa matumbo kwa mvuto mmoja, nikapitisha ukucha wa dole gumba kwenye uti wa mgongo kuikwangua ile damu nyeusi inayochachua nyama. Nilipogeuka, alikuwa amekunja mikono kifuani.

"Nani kakufundisha?"

"Kwetu kuna mto wa trauti, baba."

"Trauti?" Akacheka, na sikuwahi kumwona akicheka jikoni. "Huyu si trauti. Huyu ni stilhedi."

Akanieleza kwa Kiarabu cha polepole, akichanganya Kiingereza, kama mwalimu. Trauti huzaliwa mtoni. Yule anayebaki mtoni hubaki mdogo, mwenye rangi za upinde wa mvua ubavuni. Lakini mwingine hushuka mpaka kwenye maji makubwa, akakaa huko miaka, na siku akirudi mtoni kuzaa, amekuwa wa fedha mwili mzima na mkubwa kama paja la mtu. Huyo huitwa stilhedi. Mito aliyovua yeye ilimwaga maji yake kwenye ziwa kubwa kama bahari, na watu wa ziwa hilo, alisema, humwita samaki wao stilhedi na hawaulizi ruhusa kwa mtu.

Tangu siku hiyo akaniita binti wa samaki na hakunipiga tena. Ningependa kuandika kwamba madhara yaliishia hapo. Ukweli ni kwamba hasira ya nyumba ile ilikuwa na kipimo chake, na fungu langu lilihamia kwa Mwanaisha. Ndani ya mwezi mmoja alipigwa kwa ajili ya chai, kwa ajili ya pasi, na kwa ajili ya mlango ambao mimi ndiye niliyeuacha wazi. Nilimkanda mgongo kwa maji ya moto na chumvi, yeye akiwa amelala kifudifudi.

"Umepata kinga, mwenzangu," akasema. "Ishike hapo hapo."

"Mimi sikuomba."

"Sikusema umeomba. Nimesema ishike." Kisha mabega yakaanza kumtikisika na nikadhani analia, kumbe anacheka. "Trauti, stilhedi! Kwetu samaki mmoja Msambweni ana jina hili, ukifika Vanga ana jina lile, na sijasikia mtu amepasuliwa kichwa kwa ajili yake."

Baba Fahad alikuwa na mdogo wake, Majid, aliyekaa Jeddah na mkewe. Naye alikuwa mvuvi wa ndoano, na alisoma Amerika hiyo hiyo, ila upande wa bahari. Kila alipokuja Riyadh mabishano yalianza kabla kahawa haijapoa. Sisi tuliyasikia kupitia kidirisha cha kupitishia vyombo kwenye majlis, sebule ya wanaume iliyopakana na jiko lile la nje. Majid alishikilia kwamba stilhedi ni yule aliyekwenda kwenye maji ya chumvi na akarudi, basi. Wa ziwani ni trauti mnene aliyepewa jina la heshima. Baba Fahad alijibu kwa vitabu na picha, na mwishowe kwa kupiga meza. Wageni walicheka, wakachukua pande, wakaagiza chai nyingine. Nilidhani ni mchezo wa watu wenye nafasi. Kilichokuwa chini yake nilikuja kukielewa siku moja mama yao, bibi mzee aliyeishi chumba cha chini, alipokuwa akinieleza huku nikimpaka mafuta miguuni. Baba yao alipofariki, Baba Fahad aliitwa nyumbani kushika biashara, masomo yake yakakatika mwaka wa pili. Pesa za biashara hiyo ndizo zilizomweka Majid huko miaka minne zaidi, akasoma, akavua na kurudi na shahada. "Mkubwa alirudi njiani," bibi alisema, "na mdogo hajui kunyamaza."

Basi ikaja Ijumaa moja, saa saba mchana, wanaume wametoka msikitini, majlis imejaa. Majid alikuwa amekuja na samaki wake wa bahari, na Baba Fahad akatoa wake wa ziwani, na walikubaliana wapikwe wote wawili wageni waonje na kuhukumu. Nilikuwa kwenye jiko la nje nimewalaza ubavu kwa ubavu. Walikuwa sawa. Wote wa fedha na wenye madoa meusi yale yale mgongoni, mkia ule ule. Ndugu wale wawili wakaingia, Majid anacheka, Baba Fahad hacheki. Mwanaisha alikuwa mlangoni na sinia la glasi.

"Muulize huyu," Majid akasema. "Si ndiye binti yako wa samaki? Haya, binti. Huyu wa kaka yangu, asiyeijua bahari, kwenu mngemwitaje?"

Nilimtazama Baba Fahad. Hakunisaidia. Nilikuwa na neno moja tu la kwetu la samaki huyo, na nililisema kwa sababu nilidhani halina upande. "Trauti, baba. Wote tunawaita trauti tu."

Sidhani Majid alilisikia neno wote. Alipiga makofi. "Hata khadama anajua! Hata mtumishi wa jikoni anajua!" Kisha akaweka mkono begani mwa kaka yake na kusema taratibu, akitabasamu, lile ambalo nadhani alikuwa amelibeba miaka mingi: "Wewe hukufika baharini, kaka. Uligeukia njiani."

Baba Fahad alinyoosha mkono kwenye msumari. Alinijia mimi. Nilirudi nyuma mpaka kiuno kikagusa sinki, na Mwanaisha, ambaye angeweza kubaki mlangoni, akapita katikati na sinia lake huku akisema "Baba, baba, maalesh," kama anayemtuliza mtoto. Rungu likampata sikioni. Glasi zikaenda sakafuni zote kwa pamoja. Hakupiga kelele, alikaa chini tu juu ya vioo, kwa uangalifu, kama mtu aliyechoka, na damu ikamtoka sikioni ikafuata shingo. Majid akamsukuma kaka yake kifuani kwa mikono miwili. "Una wazimu? Kwa ajili ya samaki?" Na Baba Fahad, ambaye hakuwa amelishusha rungu, akampiga ndugu yake mara mbili juu ya sikio. Pigo la pili lilitoa sauti tofauti na la kwanza. Majid akaanguka na meza, samaki wote wawili wakamwangukia.

Mlio wa Baba Fahad baada ya hapo ulikuwa wa mnyama. Alipiga magoti, akakishika kichwa cha mdogo wake, akamwita majina ya utotoni. Nilimwona na sikuwa na shaka kwamba alimpenda. Lakini watu walipokuja wakikimbia uani alikuwa ameshasimama, na rungu lilikuwa sakafuni karibu na mguu wa Mwanaisha, na mkono wake yeye ulikuwa umemnyooshea Mwanaisha. "Ni huyu," akasema. "Nilimwadhibu, akanyakua rungu, ndugu yangu akaingilia."

Walimpeleka Majid hospitali na Mwanaisha kituoni. Alipopitishwa langoni hakuwa na kiatu kimoja. Alikuwa akinitafuta kwa macho kwenye kundi lile, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya madam.

Afisa alikuja jioni ile ile na mkalimani. Baba Fahad alisimama nyuma yao, mikono kifuani, kama siku ile ya kwanza. Nikaulizwa nimeona nini. Nikasema: "Nilikuwa nimegeukia sinki. Sikuona." Maneno manne. Yakaandikwa, nikaweka dole gumba. Siku ya pili afisa alirudi na nikayarudia. Siku ya tatu Baba Fahad alikuja jikoni peke yake, akaweka pasipoti yangu mezani, mahali ninapoweza kuiona. "Ukimaliza mkataba nitakupeleka uwanja wa ndege mimi mwenyewe," akasema. "Umeona vizuri, binti wa samaki." Madam akanipa chumba cha ndani chenye dirisha. Nililala humo. Nalisema hili kwa sababu watu hudhani mwongo hapati usingizi. Nililala vizuri, nikaamka nimepumzika, na ndipo nilipojiogopa.

Siku ya nne mchana walikuja wageni wa kutoa pole, wanaume majlis, wanawake upande wao. Majid alikuwa bado hajafumbua macho. Baba Fahad akaagiza chakula, na alipofungua friza akatoa wale samaki wawili. Mtu alikuwa amewaokota siku ile, akawaosha, akawarudisha. Nikawapika kama nilivyoambiwa, kwa limau na siagi, na kusimama nyuma ya kidirisha. Nikamwona akimwekea mgeni wake kipande kizuri cha tumboni. Nikamsikia akisema, kwa sauti ya mtu anayejua mambo, "Huyu ni stilhedi, wa ziwani. Onja." Mgeni akaonja akasema mashallah.

Sikuamua kitu. Miguu ilitoka jikoni, ikapita uani, ikaingia upande wa wanawake na mimi juu yake, nina aproni na mikono ina shombo. Mke wa Majid alikuwa amekaa karibu na bibi mzee, hajapaka hata wanja. Nilisimama mbele yake na Kiarabu changu chote kikanitoroka isipokuwa cha jikoni. "Mwanaisha mafi," nikasema, yaani si yeye. "Mwanaisha hakupiga. Baba Fahad kampiga Mwanaisha, kisha kampiga baba Majid. Mara mbili. Mimi nimeona."

Madam alinifikia kabla sijamaliza. Alinishika nywele, akanivuta mpaka nikaanguka, akanipiga teke la mbavu na la tumbo, na wanawake wakapiga kelele bila kuinuka. Alikuwa akisema "Halas! Halas!", yaani basi, kila pigo. Aliyemkomesha ni bibi mzee. Hakupaza sauti. Alijifunika uso kwa shela na kusema kutoka ndani yake, "Mwache. Mimi nawajua wanangu." Mke wa Majid akaniinua mwenyewe. "Yalla," akasema. "Panda gari langu."

Nilikaa Batha, mtaa wa humo humo Riyadh, majuma mawili, kwenye chumba juu ya duka la mabegi, na wanawake saba wa Kenya ambao dereva wa mke wa Majid aliwajua. Tulilala kwa zamu. Kulikuwa na chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, mchana kutwa, na maneno yaliyosemwa kwa makusudi nikiwa nasikia. "Ungekaa tu kimya, ungeenda home na mshahara wako," mmoja alisema. Mwingine, msichana wa Eldoret mwenye alama ya pasi mkononi, akamjibu, "Na yule dada angekatwa kichwa uende home na hiyo pia." Walishikana nywele pale pale, sufuria ikamwagika. Nilichukuliwa mara tatu kutoa maelezo upya. Kila mara niliulizwa swali lile lile: kama uliona, kwa nini ulisema hukuona? Karatasi ya kwanza haifutiki kwa karatasi ya pili, mkalimani alinieleza, na si kwa ubaya. Sasa ziko mbili, na lazima mtu akae ndani mpaka wajue ipi ni ya kweli. Siku zangu nne zikawa miezi mitano ya Mwanaisha.

Mke wa Majid alinipeleka Jeddah, akanisimamia karatasi kwa njia wanazozijua wenyewe. Majid alipona. Jicho moja lilibaki limelegea, na kupanda ngazi ilibidi ashikwe. Nilimpikia mwenyewe supu. Siku za Ijumaa nilipewa ruhusa kwenda Al-Mahjar, kwa Bi Salma, mama wa Kizanzibari ambaye wazee wake walihamia huko tangu sitini na nne, na ambaye nyumba yake haikukosa mtu wa Kiswahili mwenye shida. "Njoo ukae kitako, mwanangu," alikuwa akiniambia, "shida za watu zaja na kwenda, tumbo ndo lako." Alinipa mkate wa kumimina na mchuzi wa pweza, na hakuniuliza kitu.

Mwezi wa tano tangu Ijumaa ile ndugu wakapatanishwa. Wazee wa ukoo walikuja kutoka Riyadh, na Baba Fahad pamoja nao, amekonda, ndevu zimeingia mvi. Alilia mlangoni, akambusu mdogo wake kichwani, pale pale alipompiga, na Majid akamsamehe mbele ya watu wote. Wakala kutoka sinia moja. Nilikuwa jikoni, na kabla matunda hayajaletwa nikasikia sauti zikipanda, meza ikipigwa, na Majid, kwa ulimi wake uliokuwa mzito, akisema neno bahari. Wazee wakacheka kwa furaha kwamba mambo yamerudi kuwa kama zamani. Niliweka kisu chini na kutoka nje, nikakaa kando ya matangi ya maji.

Kwa kuwa mwenye jeraha alisamehe, kesi ilifungwa, na Mwanaisha akaachiwa asafirishwe. Alipitishwa Jeddah kupanda ndege, na Bi Salma akamwombea alale kwake siku mbili. Nilimkuta jikoni, mchana, akimenya vitunguu. Alikuwa mwembamba, na nilipomwita hakugeuka mpaka nilipomzunguka upande wa pili. Tulikumbatiana, akanisifu nimenenepa. Nikaona kama sitasema wakati ule sitasema kamwe.

"Walikuambia nilikusemea," nikaanza.

"Waliniambia."

"Sikusema siku ile. Afisa aliponiuliza nilisema nimegeukia sinki. Na kesho yake pia."

"Siku ngapi?"

"Nne."

Aliweka kisu chini, akajifuta mikono, akanipiga kofi. Sikujikinga. La pili lilinipasua mdomo. La tatu lilinitupa kwenye kabati, vikombe vikalia, na Bi Salma akachungulia, akatuona, akaufunga mlango taratibu na kutuacha. Mwanaisha alikuwa anahema kama aliyepanda mlima.

"Nilijua," akasema. "Yule mkalimani alinisomea maneno yako usiku ule ule. Nimegeukia sinki, sikuona. Miezi mitano nimekaa nayo. Nilikuwa nangoja nione kama utaniambia kwa kinywa chako."

"Na nisingekuambia?"

"Ningekula chakula cha huyu mama, nikapanda ndege, nisikujue tena duniani."

Nilikuwa nimekaa sakafuni, damu inanidondokea kwenye gauni. Akachovya ncha ya leso yake kwenye maji ya bomba, akachuchumaa mbele yangu, akanishika kidevu kwa nguvu.

"Inua uso," akasema, na akakaza kidole pale palipopasuka, bila kulegeza, mpaka damu ikaacha kutoka.